Elfu Kumi na Saba: Kuipima na Kuisoma Namba Tasa Kubwa kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika darasa moja la sita mjini Singida, mwalimu wa Hisabati aliwasomea wanafunzi wake swali kwa mdomo: "Je, elfu kumi na saba ni namba tasa?" Vitabu vilikuwa vichache na ubao ulikuwa umejaa kazi ya kipindi kilichotangulia, kwa hiyo hakuliandika. Wanafunzi wengi waliandika 17,000 katika madaftari yao, wakaziona sufuri tatu za mwisho, wakajibu mara moja kwamba si tasa. Wawili wa dawati la nyuma waliandika 10,007, wakagawanya na kugawanya hadi kengele ikalia, kisha wakajibu kwamba ni tasa. Mwalimu alikuwa ameandika 10,007 katika andalio lake la somo. Wale wawili walipata alama. Wengine wote wakakosa.

Mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi nyuma ya darasa hilo. Baada ya kipindi mwalimu alieleza kwamba tatizo linatokana na lugha za nyumbani, kwa kuwa watoto wengi wa mkoa huo huanza shule wakiwa na Kinyaturu au Kinyiramba na hukutana na Kiswahili cha vitabuni wakiwa wamekwisha kujifunza kuhesabu. Maelezo hayo hayatoshi. Mtoto aliyezaliwa Tanga au Unguja angeliandika 17,000 vilevile, na angekuwa na haki. Walichosikia wanafunzi ni kirai kimoja cha Kiswahili fasaha chenye maana mbili, na maana moja ni namba isiyo tasa hata kidogo, ilhali nyingine ni tasa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kwamba sifa za namba tasa, hata iliyo kubwa sana, zinaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kuazima istilahi mpya. Pili, kwamba pale Kiswahili kinapoonekana kushindwa, kinachokosekana si msamiati bali ni mpangilio wa maneno yaliyopo.

2.0 Neno "tasa" na jamaa zake

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, kufuatia tamko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, mtoto wa Kitanzania amejifunza namba tasa kwa jina hilo. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea.

Katika mkoa wa wafugaji kama Singida, neno hili haliji darasani likiwa tupu. Ng'ombe tasa ni ng'ombe asiyezaa. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo linastahili kujibiwa na wanaisimu kabla ya wanahisabati: ikiwa 2 na 3 ni tasa, mbona zikizidishwa zinazaa 6? Hakika, kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa yenyewe ama hupatikana kwa kuzidisha namba tasa, na hupatikana kwa njia moja tu, ukiacha utaratibu wa kuzipanga. Kwa upande wa kuzidisha, basi, namba tasa ndizo wazazi wa namba zote. Wagiriki waliziita namba za kwanza, na Kilatini kikafuata. Kiarabu cha leo nacho hutumia neno lenye maana ya "-a kwanza". Sitiari yao inatazama kuzidisha. Sitiari ya Kiswahili inatazama kugawanya: ukiipasua namba hii hutoki na kitu ndani yake. Zote mbili ni za kweli, nasi hatuoni sababu ya kulibadili neno lililokwisha kuota mizizi. Inatosha mwalimu aseme utasa huo uko upande gani.

Msamiati unaolizunguka neno hilo umejengwa vizuri kuliko tunavyousifu. Shufwa na witiri, yaani namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika, zimetoka katika Kiarabu, na witiri inafahamika pia kwa wanaoswali usiku. Kigawo na kigawe zimetoka katika kitenzi kimoja cha Kibantu na hutofautiana kwa irabu ya mwisho tu. Kiishio -o hapa hutaja kitendeacho kazi: kigawo ndicho kinachogawa. Kiishio -e hutaja kitendewacho: kigawe ndicho kinachogawiwa. Hivyo 7 ni kigawo cha 21, na 21 ni kigawe cha 7. Mwanafunzi anayechanganya maneno haya mawili katika mtihani hana upungufu wa hisabati. Hajaonyeshwa tu kwamba ni tofauti ileile iliyomo kati ya mwenye kutenda na mwenye kutendewa. Ikumbukwe pia kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi yake ya sayansi mwaka 1990, jina lake lilitaja biolojia, fizikia na kemia. Hisabati iliachwa nje ya jina hilo, labda kwa kudhaniwa kwamba shule za msingi zilikuwa zimekwisha kuitosheleza.

3.0 Kuipima 10,007

Turudi kwa wale wawili wa dawati la nyuma, maana kazi yao haikuwa ndogo. Ili kujua kama namba ni tasa hakuna haja ya kuigawanya kwa kila namba iliyo chini yake. Ikiwa namba ina vigawo viwili vinavyozidishana kuipata, kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili. Kwa kuwa 100 × 100 ni 10,000 na 101 × 101 ni 10,201, kigawo kidogo cha 10,007, kama kipo, hakizidi 100. Na kwa kuwa kigawo kisicho tasa huwa na kigawo tasa ndani yake, inatosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya 100, nazo ni 25.

Migawanyo 25 bila kikokotoo ni mingi kwa kipindi kimoja. Lakini majirani wa namba husaidia. Tazama 10,005: ni 3 × 5 × 23 × 29. Basi kila moja ya hizo nne ikigawanya 10,007 itaacha baki 2, na zote nne zimeondoka kwa mpigo mmoja. (Kwa 2 yenyewe hakuna la kusema, kwa kuwa namba ni witiri.) Tazama 10,010: ni 2 × 5 × 7 × 11 × 13. Namba yetu imepungukiwa na 3 kuifikia, kwa hiyo 7, 11 na 13 haziigawanyi. Tazama 10,004: ni 4 × 41 × 61, 41 na 61 zitaacha baki 3. Na 10,001 ni 73 × 137, hivyo 73 itaacha baki 6. Zimebaki 14: 17, 19, 31, 37, 43, 47, 53, 59, 67, 71, 79, 83, 89 na 97. Hizi hazina mkato. Zinagawanywa moja moja, kuanzia 17 inayoacha baki 11 hadi 97 inayoacha baki 16. Hakuna inayoigawanya. Kwa hiyo 10,007 ni tasa, tena ndiyo ndogo kuliko zote zenye tarakimu tano.

Jirani yake 10,009 naye ni tasa. Namba tasa mbili zinazopishana kwa 2 huitwa pacha, kama 11 na 13 au 17 na 19, na mpaka sasa hakuna aliyethibitisha kama pacha hao wana mwisho au hawana. Mwalimu wetu angeuliza "elfu kumi na tisa" badala ya "elfu kumi na saba", mgongano ungekuwa uleule.

4.0 Chanzo cha utata

Kiswahili hutaja namba kwa kujumlisha kwa kiunganishi "na". Kumi na saba ni kumi kuongeza saba. Elfu, kwa upande mwingine, hutangulia idadi yake: elfu mbili ni elfu zilizo mbili, sawa na watu wawili au nyumba mbili. Mpangilio huu ni wa kawaida kabisa katika lugha, kwani kivumishi cha idadi hufuata nomino. Utata huanza idadi yenyewe inapokuwa na "na" ndani yake. Katika "elfu kumi na saba" msikilizaji hajui kama "na saba" imefungwa pamoja na kumi, tupate elfu zilizo kumi na saba, au imefungwa na kirai chote, tupate elfu kumi, kisha saba juu yake. Ndivyo ilivyo pia katika "elfu mia moja na tatu", ambayo ni 103,000 kwa mmoja na 100,003 kwa mwingine. Hiyo ya pili nayo ni tasa, ndogo kuliko zote za tarakimu sita.

Mnadani utata huu hauumizi mtu. Anayetajiwa bei ya mbuzi hawezi kudhani muuzaji anataka shilingi saba juu ya elfu kumi. Neno laki, lililofika pwani kutoka Bara Hindi, hupunguza tatizo, ila si wakati wote: "laki moja na hamsini" kwa mfanyabiashara wa vitunguu au alizeti ni shilingi 150,000, wala si 100,050. Muktadha wa bei hukata mashauri. Namba tasa haina muktadha wa namna hiyo. Kinachoulizwa ni namba yenyewe, hadi tarakimu ya mwisho, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayoweza kuufanya au kuuvunja utasa wake.

Dawa imo ndani ya lugha. Idadi ikitangulizwa mbele ya elfu, mipaka hujionyesha: "kumi elfu na saba" ni 10,007 na "kumi na saba elfu" ni 17,000. Msikilizaji wa redio hukutana na mpangilio huu mara kwa mara takwimu ndefu zinaposomwa. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Singida ulihesabiwa kuwa na watu 1,370,637. Isomwe "milioni moja, laki tatu na sabini elfu, mia sita thelathini na saba", na hakuna atakayekosea kuiandika. (Wala si tasa: jumla ya tarakimu zake ni 27, basi 9 inaigawanya, na jibu ni 152,293.) Baadhi ya walimu wa lugha hukataa "kumi elfu" kwa hoja kwamba nomino sharti itangulie. Hoja hiyo ni ya sarufi ya virai vya kawaida, nayo haiwezi kushinda haja ya kueleweka pale kirai kinapokuwa na kazi ya namba.

5.0 Namba 2,147,483,647

Sasa tuchukue namba kubwa kweli: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Haikuchaguliwa ovyo. Ukichukua mbili 31 ukazizidisha zenyewe kwa zenyewe unapata 2,147,483,648. Ukitoa moja unapata namba yetu. Huandikwa 2³¹ − 1. Namba za umbo hili huitwa kwa jina la mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliyeandika juu yake katika karne ya 17.

Sifa ya kwanza ni kwamba kipeo sharti kiwe tasa, la sivyo namba yenyewe haitakuwa tasa. Chukua kipeo 6, ambacho ni 3 × 2. Tunapata 2⁶ − 1 = 63, nayo ni (8 − 1) × (8 + 1), yaani 7 × 9; hiyo 7 si nyingine ila 2³ − 1. Kwa jumla, kipeo kikiwa na kigawo, namba iliyojengwa juu ya kigawo hicho inaigawanya namba kubwa. Lakini kinyume chake si kweli, na hapa ndipo wengi walipoteleza hapo kale: 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, sawa na 23 × 89. Utasa wa kipeo ni sharti la lazima lisilotosha.

Sifa ya pili ndiyo iliyomwezesha Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyekuwa akiishi St. Petersburg, kuthibitisha kufikia mwaka 1772 kwamba 2,147,483,647 ni tasa, wakati ambapo macho yake yalikuwa karibu yamekwisha. Kipeuo cha pili cha namba hii ni zaidi kidogo ya 46,340. Kuijaribu kwa njia tuliyotumia kwa 10,007 kungehitaji maelfu ya migawanyo. Ila vigawo vya namba ya Mersenne yenye kipeo tasa kilicho witiri haviwi vya ovyo: kila kigawo tasa, kikitolewa 1, hugawanyika kwa kipeo kilichozidishwa kwa 2. Angalia 2,047 ambayo kipeo chake ni 11. Kigawo 23 ukitoa 1 ni 22. Kigawo 89 ukitoa 1 ni 88, yaani 22 × 4. Kwa kipeo 31, basi, kigawo sharti kizidi kigawe cha 62 kwa 1. Tena, kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kiache baki 1 au 7. Masharti haya mawili yakiunganishwa, kila kigawo kinachowezekana ni kigawe cha 248 kilichoongezwa 1 au 63.

Hadi 46,340 namba za namna hiyo hazifiki 400, na nyingi kati yake huanguka zenyewe kwa kutokuwa tasa. Zinaanza 63, 249, 311, 497, 559. Ya kwanza iliyo tasa ni 311, nayo inaacha baki 35. Kisha hakuna nyingine ya kujaribu hadi 1,303, ambayo inaacha baki 226. Darasa lenye wanafunzi 50 likigawana kazi hii linaweza kuimaliza kwa wiki moja, na ni zoezi bora kuliko kurasa nyingi za kugawanya namba zisizo na habari yoyote. Euler aliifanya, hakupata kigawo, na namba hiyo ikabaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa karibu karne nzima. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, kwa njia mpya isiyohitaji kutafuta vigawo.

Sifa ya tatu inahusu kompyuta. Ikiandikwa kwa tarakimu 0 na 1 peke yake, kama mashine zinavyofanya, namba yetu ni 1 zilizopangwa mstarini mara 31. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuwekwa katika nafasi ya biti 32 wakati biti moja imetengwa kwa alama ya hasi au chanya. Mifumo mingi ilihesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 katika nafasi hiyo. Sekunde hizo zitafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili, dakika kumi na nne na sekunde saba za asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mashine ambazo hazijarekebishwa zitarudi nyuma hadi mwaka 1901.

Ipo ya nne, ambayo Euklide aliijua katika umbo lake la jumla. Zidisha 2³⁰ kwa namba yetu, unapata 2,305,843,008,139,952,128. Ukijumlisha vigawo vyote vya namba hii, isipokuwa yenyewe, jumla inarudi kuwa namba hiyohiyo, kama vile 1 + 2 + 3 ni 6. Hapa msomaji ajaribu kuisoma kwa sauti. Baada ya trilioni, mazoea ya shuleni hayampi neno.

6.0 Pale majina yanapokwisha

Ukosefu huo wa jina usitutishe. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne yenye tarakimu 41,024,320, iliyogunduliwa na Luke Durant wa Marekani katika mradi wa ushirikiano wa kompyuta uitwao GIMPS. Wakati huo ilikuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana. Kuichapa kwa tarakimu 4,000 kila ukurasa kungehitaji kurasa zaidi ya 10,000. Hakuna lugha yenye majina ya kuisoma tarakimu kwa tarakimu, Kiingereza kikiwamo. Lakini kwa Kiswahili inasomeka kwa pumzi moja: mbili kwa kipeo cha milioni mia moja thelathini na sita, laki mbili na sabini na tisa elfu, mia nane arobaini na moja, kasoro moja. "Kasoro" ni neno la kila siku, lililomo pia katika saa tunaposema kasorobo.

Hata hivyo, utata ule wa Singida unarudi kwa mlango wa nyuma. Msikilizaji wa "mbili kwa kipeo cha thelathini na moja kasoro moja" anaweza kuandika 2³¹ − 1. Anaweza pia kutoa moja katika kipeo na kuandika 2³⁰, yaani 1,073,741,824. Ya kwanza haina kigawo isipokuwa 1 na yenyewe. Ya pili ni mbili tupu, 30, zilizozidishwa. Ukianza kuigawanya kwa 2 huachi hadi ufike 1. Kituo kidogo cha sauti kabla ya "kasoro" ndicho kinachozitenga, na kituo hakisikiki vizuri katika darasa la watoto 70 lenye paa la bati na mvua.

Tiba ni ileile ya "kumi elfu na saba": kinachotendwa mwisho kitajwe mwanzo. "Toa moja katika mbili kwa kipeo cha thelathini na moja" haina njia ya pili ya kuandikwa. Tulimpa mwalimu sentensi hiyo kabla ya kuondoka Singida, pamoja na ile ya awali iliyosahihishwa. Aliisomea darasa lake kesho yake, kwanza kwa kipeo kidogo: "Toa moja katika mbili kwa kipeo cha tano." Madaftari yote tuliyoyatazama yalikuwa na 31. Kisha akauliza kama kumi elfu na saba ni namba tasa, na darasa zima likainama kugawanya.